Fundi Mkubwa Ndani ya Kabati

Tarehe 4 Februari

Mpwa wangu mpendwa, muuguzi wetu,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Wa kulia umeshika kalamu na wa kushoto umegandamana na gundi ya mbao, kwa hiyo usishangae ukiona karatasi hii imechanika kona. Ningepiga simu, ila simu yangu ilitumbukia kwenye kopo la vanishi. Sasa inang'aa kuliko zote mtaani, tatizo haisemi.

Sisi huku wazima. Mkaza mjomba wako mzima, anakohoa pale tu anapotaka nisikie jambo. Paa halivuji. Mimi nilipimwa presha juzi, daktari akaomba arudie, akasema mashine yake haijawahi kuona namba nzuri kama zile kwa mtu wa miaka hamsini na tatu. Alitaka kuita wenzake waje waone, nikamwambia nina kazi.

Asante.

Neno hilo nimeliweka peke yake ili ulione vizuri. Kumchukua mama yako akae kwako, na macho yale yameshamwacha njiani, si jambo la kupita hivihivi. Tangu basi lilipoondoka naye, benchi la hapa karakana alilokuwa akikaa kunisema halikaliwi na mtu. Wateja wanadhani ni la kuuza. Unajua yule kwangu ni dada kwa kuzaliwa tu, kazi aliyoifanya ni ya mama. Aliacha shule darasa la sita ili mimi niendelee, na kweli nikaendelea, nikafika darasa la nne na nusu. Ile nusu nyingine walimu walinisihi niiache, maana nilikuwa nawamaliza wao.

Kazi inakwenda. Mwezi huu nimetoa milango miwili, meza ya wakili mmoja, na sanamu tisa za Bwana Yesu msalabani. Padri mgeni alipita, akasimama mbele ya moja, akavua kofia. Nikamwambia, Baba, subiri kwanza, huyo bado hajapigwa msasa. Zote tisa zimekwenda. Kuna moja tu, ile ya rafu ya juu iliyogeuzwa uso ukutani, hiyo siiuzi. Tajiri mmoja alitaka kunipa gari kwa ajili yake. Nikakataa. Gari nitaliegesha wapi?

Sasa niambie, Fundi Mkubwa anaendeleaje? Najua unamfahamu tangu utoto, ila ukubwani watu husahau: yule Yesu wa shubiri moja, aliyeshika randa kama mimi, niliyemchonga mwaka ule baba yako alipofariki, kutoka kwenye mti uliopigwa na radi mara tatu ukakataa kuanguka. Jina alipewa na mama yako, kusudi mimi nibaki fundi mdogo. Miaka ishirini na miwili dada hajasali bila kumshika. Kila mwezi mpake mafuta kidogo. Ya kupikia yanatosha, hana makuu.

Hapa chini msomee mwenyewe, kwa sauti: Dada, nipo, nakula. Nimeacha kubishana na muuza misumari kama ulivyoagiza, yaani siku hizi ni mara moja tu kwa wiki. Mpe Fundi Mkubwa salamu za fundi mdogo.

Ni mimi mjomba wako, mchongaji asiye na mpinzani kuanzia hapa hadi barabara inapoishia.


Tarehe 2 Machi

Mjomba, shikamoo.

Barua imefika pamoja na gundi yake. Ilinibidi niifungue kwa mvuke wa birika.

Hapa wote hatujambo. Mume wangu anakusalimu sana. Wamemchagua kuwa mzee wa kanisa, kwa hiyo Jumapili tunamwona kwa mbali tu. Mimi nimepangiwa wodi ya wanawake, zamu ya mchana.

Mama anaendelea vizuri. Nyumba ameishika kwa siku tatu: hatua saba kutoka kitandani hadi mlangoni, kumi na moja hadi jikoni, na kila akifika jikoni ananiambia sufuria zangu zimewekwa vibaya. Mizigo yake yote ilifika salama: begi la nguo, blanketi la kahawia, redio, chupa ya chai na mito miwili. Chakula anakula. Amekuwa mkimya tu wakati wa sala. Tukishikana mikono mezani, mkono mmoja ananipa, wa pili anashika ukingo wa meza na kuusugua kwa kidole gumba. Nadhani ni ugeni.

Nilimsomea maneno yako. Alicheka kuhusu muuza misumari, akasema mara moja kwa wiki kwako ni sawa na siku saba.

Nimenunua viatu vipya vya kazi. Kila nikifunga kamba nakukumbuka wewe uliyenisomesha uuguzi kwa patasi. Hilo halitanitoka, Mjomba. Nataka ulijue hata kama kuna mengine sijui kuyaandika.

Mpwa wako.


Tarehe 18 Machi

Mpwa wangu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye benchi la mama yako, ili barua ianze na adabu. Huku hakuna baya. Mkaza mjomba wako ameng'oa jino, na kwa siku mbili nyumba ilikuwa na utulivu ambao hata mimi uliniogopesha. Nikamwomba aseme chochote.

Nashukuru kusikia dada anazijua hatua za nyumba. Anakusumbua kuhusu sufuria? Hiyo ni dalili nzuri. Siku atakayoacha kukukosoa ndiyo ukaite daktari.

Sasa mimi si msomi, lakini kuhesabu najua, maana mbao hazipimwi kwa macho. Umenihesabia begi, blanketi, redio, chupa na mito. Mito, mwanangu. Umeikumbuka mito. Fundi Mkubwa sikumwona kwenye orodha. Nikasoma mara ya pili nikidhani amekaa nyuma ya chupa ya chai. Hayupo.

Halafu muuza misumari ana binamu yake hukohuko kwenu. Amemwambia kanisa lenu ni zuri, watu wanaimba vizuri, ila kuta ni nyeupe tupu kama chumba cha kuchomea sindano, na hata msalaba hauna mtu. Mimi sina ugomvi na ukuta mweupe. Lakini mpe mkwe wangu neno hili kutoka kwa mjomba. Kule jangwani watu walipoumwa na nyoka, ni nani aliyeagiza nyoka wa shaba atengenezwe na kusimamishwa juu ya mti, watu wamtazame wapone? Ni Mungu mwenyewe. Aliweka oda. Sasa kama Mungu alikuwa mteja wetu sisi wachongaji, mzee wa kanisa anataka kumpita Mungu kwa usafi?

Na kama tatizo ni kwamba Fundi Mkubwa ni mdogo sana kwa nyumba ya mzee wa kanisa, semeni. Nitachonga wa kufika dari. Nilishawahi kuchonga mmoja mrefu hadi ndege wakajenga kiota begani mwake kabla sijamaliza miguu.

Nijibu upesi. Na hii usimsomee dada.

Mjomba wako.


Tarehe 29 Aprili

Mjomba, shikamoo, na unisamehe kwa kuchelewa. Barua hii nimeianza mara nne.

Tuko salama. Mume wangu alipata homa, amepona. Mama amefuma kitambaa cha meza kwa kupapasa tu, na hakikukosewa hata uzi mmoja.

Fundi Mkubwa yuko kwenye kabati la mashuka, rafu ya chini, ndani ya mfuko wa nguo. Nilimweka mimi. Mume wangu hakuniagiza. Siku Mama alipofika nilimwambia nyumbani kwetu hatusali na sanamu, nikamwomba anipe. Nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano. Hakubishana. Alimshika kidogo, akanikabidhi kama mtu anayekupa funguo, akauliza chai iko wapi.

Hadithi ya nyoka wa shaba haiishii jangwani, Mjomba. Yule nyoka alitunzwa kwa vizazi vingi. Watu wakaanza kumfukizia uvumba, wakampa na jina. Akaja mfalme mcha Mungu akamponda vipande, na Maandiko yanamsifu kwa hilo. Ni kitu kilekile kilichoagizwa na Mungu. Kilipoanza kukaa mahali pa Mungu, kilivunjwa, na Mungu hakumdai mtu. Na Mama naye, huyu wa kwake amempa jina.

Ningeweza kuishia hapo, ukadhani ni mambo ya kanisa tu. Ila si haki.

Unamkumbuka fundi cherehani wa nyuma ya karakana, yule aliyenishonea sare yangu ya kwanza ya uuguzi na akakataa kuongeza bei ya mifuko. Nilikuwa mwaka wa pili wa mafunzo alipoletwa wodini kwetu. Nilimvua blauzi mimi. Juu ya titi lenye uvimbe alikuwa amefunga kwa kitambaa sanamu yako. Aliifunga miezi tisa. Nikamuuliza kwa nini hakuja mapema, wakati uvimbe ungeweza kukatwa. Akaniambia hadithi yako ya dereva wa lori, ambaye uvimbe wa shingoni ulinywea kwa siku tisa kwa kulala na sanamu ya mjomba wangu. Alihesabu siku tisa, zilipopita akadhani ni wiki, kisha akadhani ni miezi. Akacheka, akasema: "Mwambie mjomba wako namshukuru. Ila uvimbe wangu una masikio magumu."

Sikukwambia. Ulikuwa unanilipia masomo kwa sanamu hizohizo. Kila karo ilipofika nilishukuru, na kila niliposhukuru nilimwona yule mama. Miaka kumi na minne nimekaa na vitu hivi viwili kifuani. Kwa hiyo nikimwona Mama amekumbatia mti ule nashikwa na woga, Mjomba. Si dharau.

Nakushukuru bado. Nakupenda. Lakini sitaki sanamu ndani ya nyumba yangu.

Mpwa wako.


Tarehe 11 Juni

Mjomba, shikamoo.

Wiki sita hujajibu. Muuza misumari amemwambia binamu yake kwamba u mzima na karakana inafunguliwa, kwa hiyo najua ni kimya cha kukusudia. Mama anauliza barua yako kila siku posta inapofunguliwa. Nimemwambia njia ni mbaya. Akasema njia haijawahi kumnyamazisha ndugu yake.

Kama nimekukosea adabu, niambie. Ila tafadhali niambie kitu.

Mpwa wako.


Tarehe 20 Julai

Mpwa wangu,

Salamu. Sisi wazima.

Hukunikosea adabu. Nilikuwa natafuta namna ya kuandika barua isiyo na uongo ndani yake, na sikuwa na mazoezi.

Mwisho wa nyoka sikuujua. Darasani tulifika katikati ya hadithi, kengele ikagonga, nami nikatembea na ile nusu maisha yangu yote nikiwashinda watu kwa mabishano. Umeimalizia. Asante.

Dereva wa lori alikuwepo, na uvimbe alikuwa nao. Alinunua sanamu kwangu, hilo ni kweli. Na hospitali alichomwa sindano tano. Hizo sindano nilizitoa kwenye hadithi kwa sababu zilikuwa zinaiharibu.

Habari za fundi cherehani nilikuwa nazijua. Wewe ulikaa kimya ukidhani unanificha, na mimi nilikaa kimya nikidhani nakuficha. Baada ya mazishi dada yake alikuja hapa na sanamu ikiwa imefungwa kwenye kile kitambaa. Alisema marehemu aliagiza nirudishiwe kwa shukrani, kwamba siku za mwisho, maumivu yalipozidi, alifurahi kuwa na kitu cha kushika. Angekuja kunitukana ningejua pa kujificha. Shukrani ile sijui niiweke wapi hadi leo. Sanamu niliiweka rafu ya juu nikaigeuza uso ukutani. Ndiyo hiyo niliyokwambia siiuzi. Hakuna tajiri, hakuna gari.

Na kingine, maadamu nimeshika kalamu. Fundi Mkubwa hakutoka kwenye mti wa radi. Jeneza la baba yako nililitengeneza mimi, kwa mbao nzuri kuliko zote nilizowahi kuziranda, na ubao mmoja ukabaki kipande. Mama yako alikuja karakana siku ya tatu, akakaa kwenye benchi, akakiokota, akakiweka mapajani. Kesho yake akaja tena akakishika kilekile. Alikuja hivyo siku kumi. Watu wakaanza kupita wakimtazama. Nikamwambia, dada, nipe nikufanyie kitu. Nilimchonga Yesu mle ndani ili watu wasione kwamba mama yako ameshika kipande cha jeneza. Nilimpa randa mkononi kwa sababu mkono ulio na kitu ni rahisi kuchonga kuliko mkono mtupu. Hiyo ndiyo miujiza yake yote.

Sikwambii umtoe kabatini. Nyumba ni yako, na wewe uliona nilichokataa kukiona. Ila huo woga wako uuweke mahali pake. Fundi cherehani hakudanganywa na mti. Mti haukusema neno. Nilisema mimi.

Nimeandika kibao kwa rangi nyeusi, nimekipigilia juu ya mlango wa karakana: HAPA TUNACHONGA. HATUPONYI. MGONJWA AENDE HOSPITALI. Muuza misumari amenisahihishia herufi mbili.

Barua hii msomee dada yote, pamoja na hapa.

Mjomba wako.


Tarehe 16 Agosti

Mjomba wangu, shikamoo, shikamoo mara mbili.

Hapa tuko salama, na leo nina mengi, kwa hiyo salamu za majirani nitaziruka.

Nilimsomea Mama barua yote, mchana, tumekaa jikoni. Nilipofika kwenye kipande cha jeneza niliogopa, nikasita. Akaniambia, "Soma. Nilikuwepo ubao ule ulipopigwa randa. Mti wa radi! Nilimwacha aseme kwa sababu alikuwa analia huku anasema." Hilo la kulia hukuliandika, Mjomba.

Kisha akasema jambo lililonifanya nifunge barua. Anasema tangu Februari anajua naruka sehemu ninapomsomea, maana barua za ndugu yake haziwezi kuwa fupi kiasi kile. Nikamuuliza kwa nini basi alinipa Fundi Mkubwa bila neno. Akasema, "Ulikuwa unaomba kwa woga. Mtu mwenye woga humpi maneno, unampa anachoomba." Nikamuuliza kama alikuwa anamwomba yule wa mti. Akafikiri, hakukasirika. Akasema hapana. Akianza kusali mawazo yake hukimbilia kwa baba yangu, kwenye siku ile ya mazishi, na akishika kile kipande hupita pale haraka akafika kwa Mungu. Bila hicho hubaki palepale kwa baba. "Ndiyo maana nasugua meza yako," akasema. "Lakini meza yako haijui njia."

Nikaenda kwenye kabati. Nilikuwa sijamtazama tangu siku nilipomfunga mfukoni, na hata siku ile sikumtazama, nilimfunga kama mtu anayefunga kidonda. Nikamtoa, nikampeleka dirishani.

Mjomba, hana uso.

Pua haipo, macho hayapo, ndevu hazipo. Randa uliyomchongea imebaki kama kifundo kidogo. Mahali pa uso pana bonde laini, na bonde lile ni kipimo cha kidole gumba cha Mama. Miaka ishirini na miwili ya kusali imemsugua hadi akarudi kuwa mbao. Nilisimama pale nikacheka, kisha nikalia, kisha nikamwita mume wangu.

Unamjua, haharakishi jambo. Akavaa miwani. Akamgeuza mbele, nyuma, kichwa chini, hadi akauliza, "Ni sanamu ya nani hii?" Nikasema ya Yesu. Akauliza nimejuaje. Nikasema nimeambiwa. Akampapasa pale bondeni, akaweka kidole gumba chake mle ndani. Akasema, "Mimi sioni mtu wa kuabudiwa hapa. Naona mahali mtu alipokuwa akisali." Akaenda yeye mwenyewe, akampa Mama mkononi.

Mchana uleule, saa saba, kabla ya chakula, Mama alisali kwa sauti. Alikuwa hajasali kwa sauti tangu aje. Alimshukuru Mungu kwa sufuria zangu zilizowekwa vibaya. Alimshukuru na kwa ajili yako, akakutaja kwa jina lako lote la utoto, ambalo mume wangu hakuwa akilijua na sasa analijua.

Mimi bado niko palepale na kuta zangu, Mjomba, nisikudanganye. Sitaweka picha ukutani, na wewe usitume. Yule fundi cherehani bado namwona. Ila siku hizi nikimwona, namwona pia amepata kitu cha kushika, si mtu aliyedanganywa tu. Umenipa nusu yangu ya hadithi.

Asante kwa kibao. Asante kwa kazi ninayoivalia viatu. Asante kwa ukweli, najua uligharimu.

Mpwa wako.


Tarehe 3 Septemba

Mpwa wangu, pamoja na dada, pamoja na mkwe wangu mwenye miwani ya busara,

Nawasalimu wote watatu kwa mpigo mmoja, gombaneni wenyewe nani ameanza kusalimiwa. Huku tuko vizuri mno. Mkaza mjomba wenu ameweka jino jipya na sasa anasema kufidia pengo lote la miezi mitano.

Barua yako nimemsomea muuza misumari, nikawasomea na watu waliokuja kununua misumari, na mmoja aliyekuwa anapita tu. Nimewaambia hivi: wako wachongaji wanaochonga sanamu zikakaa miaka mia. Hao ni wengi, hata wewe ukipewa jiwe gumu unaweza. Lakini mchongaji aliyetengeneza sanamu inayofutika kwa sala, hadi ikapitishwa na mzee wa kanisa lisilotaka sanamu, mnamjua mwingine? Mmoja alisema labda mbao zilikuwa laini. Huyo sikumjibu.

Nilitaka kukasirika, sikufichi. Pua ile ilinichukua siku mbili. Nilijaribu kuikumbuka ilikuwaje, nikashindwa. Basi dada ndiye pekee duniani anayeijua.

Sasa sikia. Mwezi uliopita alikuja mama mmoja na kikohozi kirefu, akataka sanamu ya kulalia. Nikamwonyesha kibao. Hajui kusoma. Nikamsomea. Bado akataka. Basi nikafunga karakana, nikambeba mgongoni, nikavuka naye milima saba hadi zahanati.

Hapana. Tulikwenda kwa miguu, ni mwendo wa kuvuta sigara moja, na alitembea mwenyewe. Ila nilikaa naye kwenye foleni kwa muda wa saa tatu, hilo ni kweli, na muuguzi alinifokea kwa kuongea sana. Nikamwambia nina muuguzi wangu ananifokea vizuri zaidi. Amepewa dawa za miezi sita. Alirudi wiki iliyofuata, kikohozi bado kipo, akasema sasa anataka kitu kidogo, si cha kumponya, cha kushika wakati anameza vidonge, maana vina uchungu. Nikapanda kwenye ngazi, nikashusha ile ya rafu ya juu. Nikamweleza ilikotoka, yote, na sindano tano nikazirudisha mahali pake. Nikamwambia akitaka ataichukua, asipotaka nitaelewa. Aliifuta vumbi kwa kanga yake, akasema yule mama anaonekana alikuwa mtu mzuri, akaondoka nayo. Nilimwagiza jambo moja, aniletee kadi ya zahanati kila mwezi niione. Rafu sasa iko tupu. Nimeweka makopo ya rangi.

Kwa hiyo mimi na wewe hatujakubaliana, mwanangu, na nimegundua kwamba naweza kulala vizuri tu bila kukubaliana na wewe. Ukuta wako ubaki mweupe. Mimi nitaendelea kuchonga, mdomo nikiufunga kidogo. Aliyenifundisha ni mtu niliyemsomesha, kwa hiyo sifa inarudi kwangu vilevile.

Hapa soma kwa sauti, na usiruke:

Dada, nashukuru. Uliacha darasa la sita nikapata hesabu za kupimia mbao, na mbao zile zikampeleka mwanao shule, na mwanao amenirudisha mimi darasani nikiwa na mvi. Sioni pengine pa kuanzia kushukuru isipokuwa kwako. Hilo jina la utoto ungeliacha, lakini basi. Kuhusu Fundi Mkubwa, mpwa aliniuliza kupitia binamu wa muuza misumari kama nitataka atumwe huku nimchonge uso upya. Nasema hapana. Uso ule niliuweka kwa ajili ya waliokuwa wakipita wakikutazama, na hao walishapita. Endelea kusugua. Kama kidole kitatokea upande wa pili, niandikieni, nitajisifu.

Fundi mdogo.